Ngazi za Mombasa: Leven, Ngomeni au Mama Ngina?

Mombasa si mji wa milima. Ukitoka Mwembe Tayari hadi Ngomeni kwa miguu, hutahema. Lakini kisiwa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na sehemu nyingi za pwani yake mwamba huo unakatika ghafla kabla ya kufika majini. Hapo ndipo ngazi zilipowekwa. Hazikujengwa kumpandisha mtu kilimani, zilijengwa kumshusha hadi kwenye mashua, kisimani au penye upepo. Kwa sababu hiyo, mtu anayetaka kutembelea ngazi za mji huu asianze kwa kuuliza zina vidato vingapi. Aulize kwanza maji yako wapi saa hiyo, na jua liko upande gani.

Wengi hukwama kati ya sehemu tatu. Ya kwanza ni Ngazi za Leven na mitaa inayoteremka kuelekea Bandari ya Kale. Ya pili ni ngazi zilizo ndani ya Ngome ya Yesu, ambayo wenyeji tunaiita Ngomeni tu. Ya tatu ni ukingo wa Mama Ngina, kule Kizingo, ambako wengine hupaita Lighthouse. Leven na Mama Ngina huingii kwa pesa. Ngomeni ina kiingilio, kwa hiyo si njia ya umma kwa maana kamili, lakini ukiiacha nje ya hesabu utakuwa umeziacha ngazi za kale kuliko zote tatu.

Vya kupimia

Tuanze na kidato chenyewe. Kidato kizuri huinuka sentimita 15 hadi 18, na pa kukanyagia huwa na upana wa sentimita 28 au zaidi, ili unyayo wote ukae. Kama huna futi, tumia shubiri: ya mtu mzima ni kama sentimita 22. Kidato kinachofika shubiri nzima kimezidi, na goti litakwambia wakati wa kushuka, si wakati wa kupanda.

Kibaya kuliko kidato kirefu ni kidato kisicholingana na wenzake. Mguu hujifunza kimo cha vidato viwili au vitatu vya mwanzo, kisha huenda wenyewe bila kusaidiwa na macho. Kidato cha sita kikizidi kwa sentimita 2 tu, mguu hutua kabla au baada ya pale ulipotarajia, na kifundo kinateguka. Ngazi kuukuu, na zile zilizotiwa viraka vya saruji mara kwa mara, zina tofauti hizo. Simama juu kabla ya kushuka, uziangalie kingo za vidato zilivyojipanga: penye mstari uliopinda au kupanda ghafla, hapo ndipo pa kutazama unapokanyaga.

Cha pili ni maji, na hapa ndipo wageni wengi wanapokosea. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, ikichelewa kama dakika 50 kila siku. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, kimo kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Gawa mita hizo kwa vidato vya sentimita 17 na utapata vidato zaidi ya 17. Ndiyo kusema ngazi inayoingia majini inaweza kuwa ngazi mbili tofauti asubuhi na alasiri.

Huhitaji jedwali la bandari ili kukisia. Tarehe ya mwezi mwandamo yatosha. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na hufika kilele siku moja au mbili baadaye: tarehe 1 hadi 3, na 15 hadi 17. Siku hizo Mombasa maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Maji mafu huwa tarehe 8 hadi 10, na 22 hadi 24. Hapo saa hugeuka, maji hujaa asubuhi na kupwa jioni, lakini hayaendi mbali.

Vilivyobaki ni kivuli, watu wa mahali na gharama. Hivyo tutavigusa kila tunapofika.

Ngazi za Leven na mitaa ya Ndia Kuu

Njia ya kawaida huanzia mbele ya Ngomeni na kufuata Ndia Kuu kuelekea kaskazini. Jina lenyewe ni Kimvita, ndia kwa maana ya njia. Kwa mwendo wa kawaida bila kusimama ni kama dakika kumi, na hakuna anayetembea mtaa ule bila kusimama. Karibu na mwisho wake, penye Leven House, kuna ngazi zinazoshuka hadi majini. Nyumba hiyo ilijengwa mwanzo wa karne ya 19, na jina linatokana na HMS Leven, meli ya Kapteni William Owen, aliyeuweka mji chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka 1824. Ulinzi huo ulikwisha 1826, jina likabaki. Kando ya ngazi kuna handaki lililochongwa kwenye mwamba, na kisima cha maji matamu hatua chache tu kutoka maji ya chumvi. Ukiona kisima hicho utafahamu kwa nini watu walihangaika kushuka pale: mabaharia walifuata maji ya kunywa.

Vidato vya sasa ni vya saruji. Saruji iliyo karibu na bahari ina ugonjwa wake. Chumvi hupenya hadi kwenye nondo, nondo hushika kutu, kutu huvimba, na saruji hupasuka kutoka ndani. Ndiyo maana ukingo wa kidato unaweza kuonekana mzima kwa juu na bado ukamong'onyoka ukiukanyaga. Usikanyage ncha. Weka unyayo ndani, karibu na ukuta wa kidato kilicho nyuma yako, na uuelekeze upande kidogo kama pa kukanyagia ni pembamba.

Shida kubwa lakini ni ukoga. Uangalie kwa karibu mahali ngazi inapobadilika rangi. Juu ni kijivu kikavu, kina chembechembe za mchanga na majani. Chini yake kuna mstari, karibu umenyooka kama uliochorwa kwa rula, na kuanzia hapo kidato ni kijani kilichoiva hadi cheusi, kinang'aa hata kama jua limekikausha kwa saa nzima. Mstari huo ni alama ya maji. Ngozi ile ya kijani ni mwani mwembamba, na ukiukanyaga haukushiki, unachubuka na kuteleza nao. Kanuni ya Leven ni moja: mstari huo ndio mwisho wa ngazi yako. Wavuvi huupita kwa sababu wanazijua ngazi na mara nyingi wako pekupeku, vidole vikishika. Wewe uliyevaa makubadhi ya ngozi hutashika kitu. Ngozi ikilowa ni kama sabuni. Champali nazo hugeuka mguuni. Vaa raba zenye meno, na mwenye buibui akusanye pindo kwa mkono mmoja wakati wa kushuka, mkono wa pili ubaki huru.

Kwa kivuli, Mji wa Kale unashinda sehemu zote. Vichochoro ni vyembamba, nyumba zimeinuka, roshani za mbao zimetokeza. Hata saa sita mchana utapata upande usio na jua. Ngazi zenyewe zinatazama mashariki kuelekea mkono wa bahari, kwa hiyo asubuhi zinachomwa na jua na alasiri nyumba zinazikinga. Alasiri ni bora kwa ngozi yako, na siku za bamvua ndio wakati maji yamepanda na kukufikia ulipo. Unaketi kidato kikavu, bahari iko miguuni. Asubuhi ya bamvua ni kinyume chake: maji yametoka, mwamba wote uko wazi, pa kuangalia pako tele na pa kukanyaga ni pachache.

Halafu kuna watu. Hapa unapita mbele ya milango ya wenyeji, si kwenye bustani. Wazee waliokaa barazani huamkiwa, na mpita njia ndiye anayeanza: "Asalam aleikum" au "Shikamoo mzee", kisha unapita. Usipige picha ya mtu bila idhini, hasa akina mama na watoto waliokaa mlangoni. Eneo la Bandari ya Kale lina walinzi, kwa hiyo uliza kabla ya kutoa simu. Adhana ya adhuhuri na ya alasiri hujaza njia zinazoelekea misikitini, ukiwemo Msikiti wa Mandhry ambao ni miongoni mwa mikongwe ya mji. Ijumaa mchana afadhali ukae mahali unywe kahawa chungu hadi sala iishe. Magharibi ikikaribia, chini kabisa penye maji si pa kuwa peke yako. Nenda na mwenzako, au mtafute kijana wa mtaa akusindikize mkielewana bei kabla ya kuanza.

Gharama ni nauli tu na kahawa. Leven inamfaa mwenye miguu imara anayependa mji unaoishi, na asiyekereka kubadilisha mpango kwa sababu maji yamekataa. Haimfai mwenye kigari cha mtoto. Magurudumu yatakwama kwenye mtaro wa kwanza.

Ngomeni

Wareno waliijenga ngome hii kati ya 1593 na 1596 kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba wa matumbawe ambao sehemu yake imeachwa kuwa ukuta. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 na kuitwaa Desemba 1698. Serikali ya kikoloni iliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Mwaka 1960 ikafunguliwa kama makumbusho, na 2011 UNESCO ikaiweka katika Urithi wa Dunia. Kila aliyeikalia alibomoa na kujenga tena. Ndiyo sababu ukipanda kutoka uani hadi juu ya kuta utakutana na ngazi za vimo tofauti ndani ya mwendo mfupi, hapa ya mawe, pale ya saruji, pengine mteremko mtupu. Mwili haupati nafasi ya kuzoea.

Upande wa utelezi, Ngomeni ina nafuu: bahari haivifikii vidato vya ndani. Hatari yake ni nyingine. Jiwe la matumbawe likikanyagwa miaka mingi hupigwa msasa na viatu, likang'aa katikati ya kidato ambapo kila mtu hupita. Tembea pembeni, karibu na ukuta, ambako jiwe bado linakwaruza. Na mvua ya masika, kati ya Machi na Mei, huingia kwenye matundu ya matumbawe na kukaa humo. Kidato kinaonekana kikavu na bado kina unyevu.

Jambo moja la ngome hii halipatikani kwingine: njia ya matao, iliyochongwa ndani ya mwamba kuelekea upande wa bahari. Ndani kuna baridi na giza. Kosa la wengi ni kutoka mle mbio hadi kwenye jua la uani linaloakisiwa na kuta, halafu wakakanyaga kidato ambacho macho hayajakiona. Ukitoka gizani simama, hesabu hadi ishirini, ndipo uendelee.

Uani hakuna kivuli cha kutegemea. Milango hufunguliwa saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na saa nzuri ni ile ya kwanza na mbili za mwisho. Kiingilio hulipiwa kwa njia ya mtandao, kwa hiyo fika na simu yenye chaji na pesa ndani. Mkazi wa Afrika Mashariki hulipa chini ya mgeni, basi usisahau kitambulisho.

Juu ya kuta, watoto washikwe mkono. Kuna sehemu ukingo ni mfupi kiasi kwamba mtoto wa darasa la pili anaweza kuukwea, na upande wa pili ni shimo refu.

Ngomeni inamfaa anayetaka historia na ngazi kwa pamoja, penye walinzi, pasipo na haja ya kukisia maji. Anayetafuta pa kukaa nusu siku na upepo atapaona pamefungwa mno.

Mama Ngina

Kizingo hapana ngazi za kale. Ukingo ulikarabatiwa ukafunguliwa upya 2019, mwaka ambao Siku ya Mashujaa iliadhimishwa papo hapo. Njia za miguu ni pana, vidato ni vipana na vimepimwa, mibuyu iliachwa mahali pake. Mbele yako ni mlango wa Kilindini, na meli ya makontena ikiingia hupita karibu kiasi cha kumwona mtu aliye juu yake.

Kidato kipana kina hila yake. Kikizidi hatua moja ya mtu lakini kisifike mbili, mguu uleule ndio unaoshuka kila mara, na goti moja linabeba kazi ya mawili. Badilisha kwa makusudi: kila baada ya vidato vitano, ongeza kijihatua kimoja ili mguu mwingine upokee. Jioni vidato vya rangi moja hupotea machoni, huoni kimoja kinakoishia. Shuka kabla ya giza kuingia, yaani kabla ya saa kumi na mbili na nusu.

Utelezi wa Mama Ngina hautoki baharini. Unatoka jikoni. Penye karai za muhogo na viazi, mafuta hudondoka sakafuni na mchanga huyafunika. Maganda ya madafu nayo huachwa mahali popote. Ukienda kununua muhogo wa pilipili na ndimu, tazama chini hatua tatu kabla ya kufika.

Kando ya njia mwamba unaendelea hadi majini, na vijana hushuka wakaketi chini kabisa. Usiwafuate, hasa miezi ya Kusi, upepo wa kutoka kusini, Aprili hadi Septemba. Wimbi hugonga, hutulia mara kadhaa, kisha moja kubwa hupanda ghafla, na mwamba umechongoka kama wembe.

Kivuli ni cha mibuyu, na mbuyu wakati umepukutisha majani hauna kivuli. Kuanzia saa kumi alasiri jua linapunguza ukali. Jumapili jioni na siku za Idd watu hujaa hadi barabarani. Ukitaka utulivu, nenda Jumanne au Jumatano asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, ambapo utawakuta wanaofanya mazoezi tu. Kiingilio hakuna, tuktuk zipo. Panamfaa mwenye familia, mzee, mwenye kigari, na yule anayetaka kupanda na kushuka kwa mazoezi bila kuhesabu vidato vibovu.

Kwa hali yako

Mzee mwenye goti linalouma: Mama Ngina asubuhi. Akitamani Mji wa Kale, atembee Ndia Kuu iliyo tambarare kwa sehemu kubwa, na zile ngazi azitazame kutoka juu. Kupanda si tatizo lake, kushuka ndiko kunakoumiza.

Una saa moja tu kabla ya basi: Leven, kama tarehe ya mwezi inakuruhusu. Ikiwa ni asubuhi ya bamvua, badilisha, ingia Ngomeni.

Mvua imenyesha usiku: acha Leven hadi jua lipige vidato saa mbili nzima. Mama Ngina hukauka mapema kwa upepo.

Watoto wadogo: Mama Ngina, mbali na ukingo. Wa darasa la tano kwenda juu watafurahia Ngomeni zaidi, hasa njia ya matao.

Mpiga picha: alasiri ya bamvua pale Leven kwa ajili ya maji, au saa ya kwanza Ngomeni kwa ajili ya kivuli kirefu cha kuta. Mama Ngina usitarajie jua kuzama baharini. Linazama upande wa bara.

Mgeni wa kwanza aliye peke yake: aanze Ngomeni, azungumze na walio pale, kisha aingie Ndia Kuu mchana watu wakiwapo.

Na mwenye siku nzima achague tarehe 9 au 23 ya mwezi mwandamo. Aingie Ngomeni saa mbili, atoke saa nne jua likianza kuuma, afuate vichochoro hadi Leven. Maji yatakuwa yamejaa lakini ni mafu, na vidato vya juu vitakuwa vimekaa siku kadhaa bila kuguswa na bahari, vimekauka vizuri. Apumzike mjini wakati wa adhuhuri, na saa kumi na nusu apande tuktuk kwenda Mama Ngina, akiwa na chupa ya maji na raba zilezile miguuni.